Furaha ya Krismasi ya utotoni: je, ilikuwa imani au utoto tu?

Mama wa Wawili ameuliza:

Shalom wapendwa. Nina swali ambalo nimekaa nalo kwa muda, na Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, yakikaribia linanisumbua zaidi.

Nilipokuwa mtoto, kwetu hakuna aliyegusa zawadi kabla baba hajasoma Luka 2. Alisoma akiwa amesimama, Biblia mkononi, ingawa sura ile aliijua yote bila kutazama. Akifika pale "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni" sauti ilishuka, kisha ananyamaza kidogo, na sisi watoto tukaona aibu kana kwamba ndio tuliomfungia Mariamu mlango. Mwaka mmoja nikapewa sehemu ya malaika katika igizo la kanisani. Nilifungwa shuka jeupe kwa pini begani, nikapandishwa juu ya benchi, nikatamka: "Msiogope, kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote." Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, midomo yake ikitamka pamoja nami.

Baba alishalala katika Bwana. Sasa mimi ndiye ninayepamba nyumba na kufunga zawadi. Watoto wangu wanafurahi kwelikweli, nami nawafurahia. Lakini wakishalala, nabaki nimekaa peke yangu na ndani hakuna kitu. Sijaacha imani: naomba, naenda ibadani, nashiriki Meza ya Bwana. Ninachouliza ni hiki: ile furaha ilikuwa ya imani, au ilikuwa ya utoto na ya kuwa na baba? Na kama malaika aliiita kuu, mbona kwangu haifiki hata Januari?

Mwanakwaya amejibu:

Pole sana dada. Wagalatia 5:22 inaitaja furaha kuwa tunda la Roho, na tunda halitokei kwa kulilazimisha. Mimi ningepunguza shughuli za Desemba kwanza. Mazoezi ya kwaya, mapambo, wageni, unafika tarehe 25 umechoka mno hata neno halikuingii. Tunakuombea.

Bibi Msomaji amejibu:

Mwanangu, pole kwa baba. Mume wangu tulimzika Desemba, kwa hiyo ninajua unachokisema.

Usiitupe furaha ya utotoni kana kwamba ilikuwa ya uongo. Mtoto huipokea habari njema kwa sauti ya mtu anayempenda, na sioni ubaya wowote hapo. Wewe uliisikia Injili kwa sauti ya baba. Ndiyo maana leo Injili ileile inakukumbusha kaburi lake.

Hebu watazame waliokuwapo. Mariamu alipeleka mtoto mchanga hekaluni, na palepale Simeoni akamwambia kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Mara akatokea Ana, nabii, mjane aliyekaa na mumewe miaka 7 tu, na Luka anataja miaka 84 katika habari za ujane wake. Huyo Ana nimemsoma kuliko wachungaji na mamajusi. Alimwona mtoto, akamshukuru Mungu, akaanza kuwasimulia wote waliokuwa wakiutazamia ukombozi. Luka hasemi popote kwamba upweke wake uliisha siku ile. Anasema tu kwamba alishukuru.

Kanisa nalo limeliweka jambo hili katika kalenda. Makanisa mengi yanamkumbuka Stefano shahidi tarehe 26 Desemba, na watoto waliouawa na Herode tarehe 28. Yaani ndani ya siku 12 za Krismasi, kabla hatujafika Epifania tarehe 6 Januari, kilio cha Raheli, yule mama anayewalilia watoto wake katika Mathayo 2, kinasomwa mbele ya watu wote. Mwaka niliofiwa, nyimbo za tarehe 25 zilinipita. Tarehe 28 nikaketi kanisani, nikasikia habari za mama asiyekubali kufarijiwa, nikajua Krismasi ina nafasi yangu, tena iliyotengwa kabla sijazaliwa.

Unauliza kama inadumu. Kwangu inadumu, ila hainijii kama inavyomjia mtoto. Aliyezaliwa yupo, na jambo hilo halibadiliki nikiamka nimelia. Paulo alipoandika "Furahini katika Bwana sikuzote; tena nasema, Furahini", alikuwa kifungoni. Na katika barua hiyohiyo kwa Wafilipi, sura ya 2, anasema kama mwenzake Epafrodito, aliyekuwa mgonjwa, angekufa, yeye angepata huzuni juu ya huzuni. Mtu yuleyule, barua ileile! Kwa hiyo anayekuambia ufurahi usilie, mwulize Paulo huyo amemsoma wapi.

Mama wa Wawili:

Bibi, Mungu akubariki. Nimefungua Wafilipi 2 sasa hivi, na hilo la Epafrodito nimelipita miaka yote bila kuliona. Tarehe 28 nitakwenda ibadani.

Kuna kitu sikukiandika mwanzoni. Watoto wangu sijawahi kuwasomea Luka 2 mwenyewe. Naogopa nikifika pale pa nyumba ya wageni nitashindwa kuendelea. Mmoja ana miaka sita, mwingine kumi.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili amejibu:

Dada, soma. Ukishindwa, mpe mkubwa aendelee. Wa miaka kumi anaweza. Waambie wazi kwamba babu yao alikuwa akisoma hapa na kwamba unamkumbuka. Watoto ninaowafundisha hawaogopi machozi ya mtu mzima wakiambiwa sababu yake, huogopa wakifichwa.

Na usiupakie usiku mmoja mzigo wote. Majilio yana Jumapili nne. Anza na Luka 1: Zakaria, halafu malaika kwa Mariamu, halafu safari yake kwa Elisabeti, halafu kuzaliwa kwa Yohana. Mkifika sura ya 2 sauti yako itakuwa imeshazoea kusoma mbele yao.

Mama wa Wawili:

Sura nzima kwa mara moja, au vipande?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili:

Vipande. Zakaria kuwa bubu peke yake kunatosha jioni nzima. Huyo wa miaka sita atataka kujua aliombaje chakula.