Wikiendi ya kulala pangoni upande wa Isimani na Pawaga: ushauri wakuu

Mtoto wa Mwanjelwa:
Wakuu habari za jioni. Tuko vijana wanne hapa Mbeya, tumechoka kila wikiendi ni mpira na kitimoto. Kuna video tumeangalia za watu wanazunguka jangwa la Wadi Rum kule Jordan: mchana wanatembea mchangani, usiku wanalala pangoni, moto katikati, chai inachemka. Tukasema na sisi tutafute la kwetu. Mwanzo tulifikiria mapango ya popo ya Songwe maana ni karibu, ila mwenzetu mmoja anasisitiza Iringa, kule Isimani na Pawaga kwenye ukame. Tunapanga kutoka Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Mahema hatuna, ndiyo maana tunataka pango. Anayepajua, kunalalika? Wanyama je?

Mzee wa Pawaga:
Kamwene kijana. Nimekulia huko nikichunga mbuzi, siku hizi niko Iringa mjini na Noah yangu. Nakujibu kama mtu aliyelala chini ya yale mawe kwa sababu mvua ilimkuta huko, si kwa kupiga video.

Jangwa hatuna. Kilichopo ni nchi kavu: mibuyu, miiba, na mito ambayo kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, na upande ule inanyesha kwa kujivutavuta. Njooni Agosti au Septemba. Mkija wakati wa mvua msilale kabisa kwenye mchanga wa mto, hata kama juu yenu nyota zinawaka, kwa sababu mvua ikinyesha huko milimani maji yanawafikia bila ninyi kuona wingu. Hata Sahara watu wanakufa kwa mafuriko ya namna hiyo.

Sasa pango. Mengi ya kule si ya kuingia ndani mpaka giza, ni majabali yaliyotoa paa. Ukifika, angalia mwamba kabla hujatua mzigo. Ukiona michirizi myeupe kama mtu amemwaga chokaa, hiyo ni mikojo ya pimbi, na penye pimbi wengi chui na chatu nao wanapajua. Halafu chuchumaa uangalie sakafu. Vumbi kavu, laini, lenye kivuli mwaka mzima, ndipo papasi, ndugu yake kupe, anapokaa. Watoto wa mjini mnamjua kupe tu. Kupe anang'ang'ania mwilini siku kadhaa, unamwona, unamng'oa. Papasi anatoka usiku umelala, ananyonya kwa muda mfupi, anashuka na kurudi kwenye vumbi lake, asubuhi huna hata wa kumlaumu. Baada ya siku kadhaa homa inakupiga, inaacha, unasema nimepona, inarudi tena. Watu wanameza dawa ya malaria mpaka wanachoka. Sisi tulikuwa tunatandika kwenye mwamba mtupu, pale jua la mchana linapofika, na ile sehemu ya ndani yenye vumbi la raha tunawaachia wenyewe.

Wanyama wakubwa: Pawaga imepakana na eneo la hifadhi ya Ruaha, tembo wanavuka mpaka mashambani. Usilale karibu na maji wala juu ya njia iliyokanyagwa ikawa pana.

Na kabla ya yote pitieni kwa mtendaji wa kijiji mjitambulishe, muombe na mwenyeji. Majabali mengine watu wanafanyia matambiko hadi leo. Mkisikia Mlambalasi, pale ndipo Mkwawa alipofia mwaka 1898 na kaburi lake lipo. Nendeni mchana, kwa heshima, mkalale kwingine.

Sista Zamu ya Usiku:
Naunga mkono kuhusu papasi. Ukirudi na homa mwambie daktari ulilala wapi, ili wanaosoma damu yako wajue cha kutafuta.

Songwe nendeni mkaangalie, popo wakitoka jioni inapendeza, ila kulala humo hapana. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi aliingia pango la popo kwenye msitu wa Maramagambo, Uganda, akarudi kwao na Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua, akafariki. Na sisi Marburg tuliipata Kagera mwaka 2023. Kando ya hiyo, vumbi la kinyesi cha popo lina fangasi wa kushambulia mapafu. Kwa kifupi, ukisikia harufu ya popo, hapo si chumba cha kulala.

Mtoto wa Mwanjelwa:
Dah, asanteni. Songwe tumeifuta. Mzee, moto je? Tulitaka tubebe jiko la mkaa tuingize ndani, maana usiku baridi.

Mzee wa Pawaga:
Jiko la mkaa ndani ya pango ndiyo wazo baya kuliko yote uliyoandika. Hewa yake ya sumu haina harufu, mnalala wanne hamuamki hata mmoja. Sista atakwambia kila msimu wa baridi wanapokea wa namna hiyo, tena wa majumbani. Washeni kuni nje ya paa, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Moto ukiugusa mwamba unapasua vipande, na kama kuna michoro ya wa kale mnaifuta kwa masizi. Mkimaliza, maji na mchanga juu yake, kule nyasi za Septemba zinawaka kwa cheche moja.

Maji bebeni lita tano kwa mtu kwa siku, msitegemee kisima cha mtu.

Ijumaa usiku msitoke. Ni zaidi ya kilomita 300, mtafika mmechoka. Tokeni Ijumaa asubuhi, mwambieni konda awashushe Isimila, iko kama kilomita 20 kabla ya Iringa. Muone zile nguzo za udongo kwenye korongo na mashoka ya mawe, yanakadiriwa kuwa na miaka 260,000. Kuna kiingilio na mtu wa kuwatembeza. Jiwe hata dogo msitie mfukoni, ni kosa kisheria. Mkalale gesti mjini, Jumamosi alfajiri ndiyo muingie Pawaga. Noah yangu ipo, bei tutaongea pembeni.