Nimeshinda kesi dhidi ya benki, miezi minane sijalipwa. Nisaidieni (Lubumbashi)

MamaVitenge_Katuba

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mama, nauza vitenge soko la Kenya hapa Lubumbashi (walio nje ya Kongo wasichanganye: Kenya ni komini yetu, yaani wilaya ya mji, si ile nchi). Mzigo naufuata Dar es Salaam, unaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Pesa ya mzigo nilikuwa naiweka benki, akaunti ya dola, maana kulala na pesa nyumbani ni kulala macho wazi.

Mwaka 2023, nikiwa safarini, dola 6,800 zilitoka kwenye akaunti yangu, mara nne, ndani ya siku mbili. Niliporudi benki wakanionyesha fomu ya kubadilisha namba ya simu ya akaunti, eti niliisaini mwenyewe. Fomu ile naiona hata nikifumba macho. Mimi nasaini kwa kuunganisha herufi, na mkia wa herufi ya mwisho unarudi nyuma chini ya jina. Ndivyo ilivyo kwenye kadi yangu ya mpiga kura na kwenye karatasi nilizofungulia akaunti. Fomu yao imeandikwa jina langu kwa herufi kubwa, moja moja, zimesimama mbalimbali. Na tarehe yake ni siku ambayo pasipoti yangu ina muhuri wa kutoka Kasumbalesa.

Nilimwandikia meneja barua mbili, hakuna jibu. Nikatafuta avoka (wakili), tukaingia tribunali ya biashara. Ilichukua muda, lakini Machi mwaka huu hukumu ilisomwa: benki inirudishie 6,800 na juu yake fidia ya 1,500. Nililia palepale ukumbini, mdogo wangu akanishika mkono.

Tangu siku ile ni miezi minane. Nikienda benki naambiwa faili iko Kinshasa. Avoka aliniambia siku 30 za rufaa zikipita benki imenyamaza, basi imekwisha, watalipa. Zimepita na kupita tena. Siku hizi simu yangu anaipokea akitaka. Wiki iliyopita mtu wa idara yao ya sheria kanipigia: nitapewa 5,000 taslimu nikisaini karatasi kwamba sina dai lolote tena.

Nina watoto watatu shuleni na mtaji wangu umebaki marobota mawili. Moyo mmoja unasema chukua, mwingine unakataa. Ningekuwa ndugu yenu mngeniambia nini?

PapaJeef

Mama, pole sana. Mimi ningechukua. Kaka yangu alishinda kesi ya kiwanja, akangoja hadi mvi zikamwota. Elfu tano mkononi leo zinarudisha meza yako sokoni kabla ya Desemba.

Mwana_Tunduma

Pole dada yangu. Huku kwetu Tanzania ukishinda hupewi pesa papo hapo, unarudi mahakama ileile na maombi ya kukazia hukumu, ndipo dalali wa mahakama anatumwa kukamata mali. Nadhani na kwenu kuna kitu kama hicho. Halafu mbona hujaenda Benki Kuu? Wao ndio wenye leseni za mabenki.

Karani_Mstaafu

Mama, kabla watu hawajaendelea kukushauri, nijibu swali moja. Je, kuna huissier, yule afisa wa kufikisha na kutekeleza hukumu, aliyeipeleka hukumu kwa benki na kuwakabidhi kwa maandishi? Una karatasi yake?

MamaVitenge_Katuba

Mzee, sijui. Nilicho nacho ni picha ya ukurasa wa mwisho niliyopiga kwa simu. Avoka hakuniambia habari za huissier.

Karani_Mstaafu

Basi hapo ndipo ulipokwama. Nimekaa greffe, ofisi ya makarani wa mahakama, miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo hili nimeliona likiumiza watu wengi wenye haki yao.

Siku 30 za rufaa hazihesabiwi tangu siku hukumu iliposomwa mbele yenu. Zinahesabiwa tangu siku huissier alipoifikisha kwa aliyeshindwa, ndiyo signification. Kama haikufikishwa, hata siku moja haijaanza kuhesabiwa. Miezi minane yako yote ni sifuri. Benki ina wanasheria wa mshahara, wanajua hilo, ndiyo maana wametulia. Na ndiyo maana wanakupa 5,000 sasa, kabla hujaamka.

Fanya hivi. Nenda mwenyewe greffe ya tribunali ya biashara na namba ya faili. Uliza kama hukumu imeshapigwa chapa na kusainiwa na majaji wote pamoja na greffier (karani), maana nyingine zinasomwa halafu zinakaa kwenye rafu zikingoja saini moja. Kisha omba grosse, ile nakala yenye amri ya kutekeleza iliyogongwa mwishoni. Bila hiyo huissier hana la kufanya. Inatolewa moja tu kwa mshindi, ukiipoteza kupata ya pili ni safari nyingine, kwa hiyo usimwachie mtu aende nayo.

Hapo utadaiwa droit proportionnel, yaani asilimia ya pesa ulizoshinda, inayoingia hazina ya serikali. Wengi huishia hapo kwa kukosa pesa. Sikiliza vizuri: inalipwa kwa note de perception, hati ya malipo ya DGRAD, idara ya mapato ya serikali, unalipia benki, unapewa risiti. Mtu yeyote anayekuambia "nipe mkononi nitakusaidia", mpite. Na kama kweli huna, mwandikie mkuu wa tribunali ukiambatisha cheti cha komini kinachoonyesha hali yako, uombe msamaha wa gharama. Si kila ombi linakubaliwa, lakini njia ipo.

Soma pia ile picha yako. Yapo maneno "exécutoire par provision", yaani itekelezwe hata kama kuna rufaa? Yakiwepo, huna haja ya kungoja rufaa.

Kuhusu Benki Kuu, ndugu wa Tunduma hakukosea. Banque Centrale du Congo ina ofisi hapa mjini na ndiyo msimamizi wa mabenki, inaweza kuwaadhibu. Mpelekee malalamiko na nakala ya hukumu. Lakini haitakukamatia mali ya mtu, kazi hiyo ni ya huissier.

MamaVitenge_Katuba

Nimeikuza picha nikasoma neno kwa neno na kijana wangu. Hayo maneno hayapo. Ila kuna "intérêts judiciaires", yaani riba, hadi siku ya malipo kamili, na wameandika dola au thamani yake kwa franga za Kongo.

Mzee, mikono inanitetemeka. Miezi minane nimengoja kitu ambacho hakijaanza.

NyotaYaKivu

Mama, usijilaumu, hayo si mambo ya kufundishwa sokoni. Mimi niko Bukavu. Mwaka 2021 nilishinda kampuni ya usafirishaji iliyopoteza mzigo wangu. Walinichekea hadi huissier alipowapelekea commandement, amri ya kulipa ndani ya siku 8. Siku ya tisa alirudi na daftari. Aliandika jenereta, alama na namba yake, akaandika viti vya ofisi, akatoka nje akaandika namba za magari mawili. Hakuchukua chochote siku ile, aliandika tu na kuwasomea. Mkurugenzi alisimama mlangoni akiangalia gari lake likiandikwa. Kabla ya siku ya mnada pesa ziliingia zote.

Benki ni zaidi ya hapo. Wateja wamejaa ukumbini, huissier anaandika kompyuta za dirishani! Hakuna benki inayotaka picha hiyo.

Karani_Mstaafu

Amesema kweli, na benki binafsi haina kinga ya kukamatiwa mali kama ilivyo kwa serikali. Nyongeza moja: nchi yetu imo OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria ya OHADA ya kulazimisha malipo ilirekebishwa 2023, ikaanza kutumika Februari 2024. Baadhi ya siku na masharti yamebadilika. Huissier au avoka akikutajia siku, muulize ameitoa kwenye kitabu cha zamani au kipya, maana tarehe moja ikikosewa benki wataomba kazi yote ifutwe, na watakubaliwa.

PapaJeef

Nimesoma yote, na sehemu moja narudi nyuma: 5,000 ni kidogo. Lakini tusimdanganye mama. Akiwafikishia hukumu anawafungulia pia mlango wa rufaa. Wakikata rufaa, hukumu isiyo na exécution provisoire inasimama, na Cour d'appel, mahakama ya rufaa, haina haraka. Anakula nini wakati huo?

Karani_Mstaafu

Hoja yako ni nzito, Papa Jeef. Kwa hiyo mama, usifunge mlango wa mazungumzo, ila zungumza ukiwa umeshika karatasi. 6,800 ni pesa yako mwenyewe iliyotoka kwenye akaunti yako, hiyo usiipunguze hata dola. Fidia na riba ndipo unaweza kulegeza kidogo, ukitaka.

Na hiyo karatasi ya "sina dai tena" usiisaini kabla pesa haijaonekana. Wakitaka kulipa kwa mafungu, kila risiti iandikwe acompte, yaani sehemu ya deni. Neno "solde de tout compte", yaani deni lote limekwisha, likiwa kwenye risiti ya fungu la kwanza, umewasamehe yaliyobaki.

Mhasibu_Kampemba

Naongeza kwenye franga. Wakisema watalipa kwa franga, waulize kiwango cha siku gani. Daini cha siku ya malipo, kiandikwe. Nimeona mtu akilipwa kwa kiwango cha mwaka alioshtaki, na franga ilikuwa imeshuka sana. Akapoteza karibu theluthi kwa kalamu tu.

Na pesa iende wapi? Iandikieni benki barua kwamba malipo yaingie kwenye akaunti yako mpya ya benki nyingine, kwa jina lako. Avoka alipwe ada yake na wewe, kwa makubaliano yenu ya maandishi. Akiendelea kutopokea simu, bâtonnier, mkuu wa mawakili, yupo.

MamaVitenge_Katuba

Ndugu zangu, ni wiki tatu, nimerudi na habari.

Greffe walinipokea vizuri. Hukumu ilisainiwa tangu Mei! Ilikuwa kwenye faili, hakuna aliyeiulizia. Droit proportionnel nimeilipa kwa kuuza robota moja na mchango wa kikundi chetu cha likelemba (kuchangiana kwa zamu), zamu yangu waliisogeza mbele. Risiti ninazo zote kwenye bahasha moja.

Jumanne huissier aliingia benki, mimi nikiwa nyuma yake. Dada wa mapokezi alikataa kupokea, akasema mkubwa hayupo. Huissier hakubishana. Alitoa kalamu, akaandika saa, 4:20 asubuhi, akauliza jina la dada na cheo chake, akaandika hivyo hivyo anavyojibiwa. Alipoona jina lake linaandikwa, dada akainuka kwenda ndani. Akatoka mwanamume mwenye tai, akasoma, akagonga muhuri. Nilisimama pale nikautazama wino wa muhuri ule unavyokauka.

Alasiri ileile walinipigia. Si 5,000 tena. Wanasema 6,800 kamili, wiki ijayo, nikiacha fidia na riba. Nimewaambia waandike.

Karani_Mstaafu

Umefanya vema kuwaambia waandike. Jibu nawe kwa barua, nakala kwa huissier: unapokea 6,800 kama acompte, na mengine mtayazungumza ndani ya siku hizi 30. Wasipokubali, hesabu siku zako. Ya 31 nenda Cour d'appel uombe certificat de non-appel, cheti kwamba hakuna rufaa. Ukiwa nayo na grosse, huissier anaanza na commandement.

PapaJeef

Mama, hiyo fidia nayo usiiachie haraka. Nimebadilika.

MamaVitenge_Katuba

Asanteni. Barua nimeiandika usiku huu, kijana ameisoma mara mbili na kurekebisha Kifaransa. Nimeisaini kwa saini yangu, na mkia wake chini ya jina. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwao kuchukua muhuri wa kupokea.