Hadithi za "tuma kwa watu 10" zimezidi. Mnamzulia Mtume (s.a.w.) kwa kidole gumba

Assalaam alaykum wakuu.

Ujumbe wenyewe mnaujua. Picha ya Al-Kaaba, maandishi ya rangi ya dhahabu: "Mtume (s.a.w.) amesema, atakayewajulisha wenzake kuingia kwa mwezi huu, moto umeharamishwa kwake. Tuma kwa watu 10 ndani ya dakika 20 utapata habari njema. Ukipuuza usije ukalaumu. BUKHARI." Hakuna sahaba aliyepokea, hakuna mlango wa kitabu cha hadithi cha Bukhari, hakuna namba ya hadithi. Na mtu mzima, wa swala tano, anabonyeza kabla hata hajamaliza kusoma!

Hizo dakika 20 zimewekwa ili usipate muda wa kuuliza. Vitisho navyo ni vya kumnasa asiyeshawishika na ahadi. Kuogopa balaa kwa sababu hukusambaza picha ni kuamini mikosi, jambo alilolikataza huyo huyo Mtume mnayemsingizia.

Msiniambie "nia yangu ilikuwa njema". Onyo la kwamba mwenye kumzulia Mtume kwa makusudi ajiandalie makazi yake motoni limepokewa na masahaba wengi mpaka likaitwa mutawatir, yaani lililopokewa na wengi kiasi cha kutotiliwa shaka. Hukukusudia? Basi utangulizi wa Sahihi Muslim, kitabu kingine cha hadithi, una lako: yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alichosikia. Al-Hujurat aya ya 6 nayo imeamrisha habari ichunguzwe kwanza, na mnaisoma kila mwaka mkikhitimisha.

Wengine wakibanwa wanakimbilia "hadithi dhaifu (yenye kasoro katika mapokezi) inafaa kwenye fadhila za amali". Wenye kuruhusu wameweka masharti, na ya mwanachuoni wa hadithi Ibn Hajar yanajulikana: udhaifu usiwe mkubwa, maana yake iwe chini ya asili iliyothibiti, na anayeifanyia kazi asiitakidi kuwa Mtume kweli ameisema. Na hayo ni ya hadithi dhaifu. Ya kuzuliwa (maudhui) haimo kabisa.

Kukagua hakuhitaji uwe sheikh. Anza na alama: WhatsApp ikikuwekea mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umepita mikono mitano au zaidi, na aliyekutumia hajui ulikotoka. Angalia namba. Sahihi Bukhari kwa hesabu iliyozoeleka inaishia 7563, kwa hiyo "Bukhari 9120" ni uongo wa mchana kweupe. Namba ikiwa ndani ya hesabu, ifungue usome, kwani mara nyingi utakuta hadithi nyingine kabisa. (Kwa Muslim kuwa mwangalifu, matoleo yanatofautiana namba.) Kisha chukua maneno matatu au manne ya Kiarabu kutoka katikati ya matini (maneno yenyewe ya hadithi), si "qaala Rasuulullah", uyatafute kwenye tovuti ya dorar.net. Itakupa mpokezi, kitabu, na hukumu ya muhaddithi (mtaalamu wa hadithi) kama ni sahihi au la. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona jina la kitabu wanashangilia, hukumu hawasomi. Hadithi kuwemo kitabuni si kusihi. Ibn al-Jauzi ana kitabu kizima cha hadithi za kuzuliwa, na "tafuteni elimu hata China" imo humo! Na ya kuzuliwa ya nini, wakati hadithi namba 224 ya kitabu cha Ibn Majah, "kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu", ipo na wanazuoni kadhaa wameisahihisha? "Usafi ni katika imani" nayo haikuthibiti kwa lafudhi hiyo. Lafudhi iliyothibiti ni ya Muslim 223, twahara ni nusu ya imani.

Ujumbe hauna Kiarabu? Mwombe aliyetuma. Akishindwa, unaishia kwako.

Ule wasia wa ndoto ya "Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume", anayedaiwa kumwota Mtume akimpa ujumbe wa kusambaza, nao bado unatembea, jamani. Watu waliunakili kwa mkono na kuutoa fotokopi kabla ya simu hizi. Sheikh Ibn Baz, aliyefariki 1999, aliuandikia waraka mzima wa kuukanusha. Leo umewekewa vikaragosi vya mikono ya dua, mnaupokea kama mpya.

Ukishakosea, kufuta peke yake hakutoshi. "Futa kwa wote" inakubali kwa zaidi kidogo ya siku 2 tu, na hata ukiwahi, nakala zilizokwishafowadiwa hazifutiki. Andika katika kundi lile lile, kwa maandishi: ile niliyotuma jana haikuthibiti, kama mmeipeleka mbele waambieni huko. Inauma, najua. Ndiyo maana hakuna anayefanya.

Maadmini mko wapi? Mna uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakikundi yeyote. Tangazo la biashara mnalitoa ndani ya dakika moja, uongo juu ya Mtume unalala hapo wiki nzima na "aamiin" 60 chini yake. Kama hamna muda wa kukagua, fungeni kundi liandikiwe na maadmini pekee.