Mjadala: Je, kliniki iruhusiwe kuvuna mayai bila mtaalamu wa dawa za usingizi?

Miongoni mwa wanawake wanaotafuta mtoto kwa njia ya IVF (mayai huvunwa kwa sindano kutoka kwenye ovari na kutungishwa maabara) hapa Nairobi, kuna kauli mbili zinazorudiwa mno, nami naomba tuzijadili waziwazi. Ya kwanza ni kwamba dawa ya usingizi huharibu mayai, kwa hiyo anayetaka mtoto avumilie sindano. Ya pili ni kwamba shughuli yenyewe huchukua kama nusu saa tu, hivyo hakuna haja ya kumwita mtaalamu wa usingizi na kumwongezea mgonjwa gharama. Msimamo wangu ni kwamba kauli hizi hazitoshi kuwa msingi wa huduma, na kwamba kliniki isiyo na mtu wa kusimamia usingizi isipewe leseni ya kuvuna mayai.

Tutazame kwanza kinachofanyika. Daktari huingiza kifaa cha ultrasaundi ukeni, na kando yake hupitisha sindano ndefu inayotoboa ukuta wa uke hadi kwenye ovari, ambayo wakati huo imevimba kutokana na homoni. Kifuko kimoja cha yai baada ya kingine hutobolewa, maji yake yakafyonzwa hadi kwenye mrija unaowekwa katika joto la mwili, kisha mrija huo hukabidhiwa upesi kwa mtaalamu wa maabara anayelitafuta yai chini ya hadubini. Mwenye vifuko vitatu humaliza mapema. Mwenye ishirini huchokonolewa kwa muda mrefu. Akishtuka na kujivuta wakati ncha ya sindano iko karibu na mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, balaa lake si maumivu peke yake.

Hofu kuhusu mayai haikuzuka hewani. Dawa ya kusinzisha kama propofoli huonekana kweli katika maji ya vifuko, na kiasi chake huongezeka kadiri shughuli inavyorefuka. Hata hivyo, kuwepo kwa dawa na kuharibika kwa yai ni mambo mawili tofauti. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 24 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 3,000, haukupata njia moja ya kutuliza maumivu iliyothibitika kuzishinda nyingine kwa wanawake kupata mimba. Ulichoonyesha ni kwamba dawa ya kusinzisha ikiambatana na njia nyingine, kama vile ganzi karibu na mlango wa kizazi, huzuia maumivu vizuri kuliko njia moja ikitumika pekee. Tena tukumbuke kwamba Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, alitokana na yai lililotolewa kwa upasuaji huku mama yake akiwa katika usingizi kamili.

Kinachoyaathiri mayai bila ubishi ni muda na joto. Sindano ya kuyaivisha hudungwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuyavuna, na shughuli ikichelewa mno, vifuko hupasuka vyenyewe na mayai yakapotea. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi wa kuazimwa, anayetoka hospitali nyingine na kukwama kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa, ni tishio kubwa kuliko dawa aliyobeba. Vilevile yai likipoa, nyuzi zinazopanga kromosomu ndani yake huanza kusambaratika. Ndiyo maana maabara iwe pembeni ya chumba cha upasuaji, na jenereta iwake mara moja stima inapopotea.

Wanaosema maumivu yenyewe yanavumilika wakumbuke yaliyotokea mwaka 2020 katika kliniki ya uzazi ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambako muuguzi aliiba fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu, na kujaza maji ya chumvi kwenye chupa zake. Wanawake walichomwa sindano wakiwa hawana kinga ya maumivu, na waliolalamika hawakusikilizwa ipasavyo hadi wizi ulipogunduliwa. Neno la "vumilia, mama" tunalijua sana katika hospitali zetu, na mimi silikubali.

Mwenzetu mmoja amepinga kwamba sharti kama hili litapandisha bei ambayo tayari ni mamia ya maelfu ya shilingi, na ambayo wengi hulipa kutoka mfukoni. Hoja hiyo ni nzito. Lakini sidai kila kliniki iajiri daktari bingwa, kwa kuwa Kenya hufundisha pia maafisa tabibu wa usingizi. Ninachokataa ni daktari yule yule anayeshika sindano kudunga pia dawa ya kusinzisha na kutarajiwa kufuatilia pumzi, ilhali propofoli inaweza kuzima pumzi katika muda mfupi sana. Mwanamke anayechagua ganzi peke yake baada ya kuelezwa yote aheshimiwe. Anayeambiwa akiwa tayari amelazwa kitandani kwamba hakuna mtaalamu, huyo hajachagua.

Muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi, ambao Mheshimiwa Millie Odhiambo ameupigania Bungeni kwa miaka mingi, umetuvuta zaidi kwenye ubishi wa akina mama wanaowabebea wengine mimba kuliko suala hili la usingizi. Nawaomba wanaopinga wanijibu hili: wakati macho ya daktari yako kwenye skrini ya ultrasaundi, ni nani anayemtazama mgonjwa kama anapumua?