Hafla za Jumapili Mama Ngina: ziombewe kibali au zibaki hivi hivi?

Mkaazi wa Kizingo
Jumapili iliyopita nilimpeleka mamangu kupunga upepo Mama Ngina, bustani yetu ya ufukweni hapa Mombasa. Ana miaka 73, magoti hayamfai, na kila wiki hukaa benchi moja, lile la chini ya mbuyu, azitazame meli zikiingia Kilindini. Tulikuta limezungushiwa utepe. Maputo, meza ya keki, spika mbili za kimo cha mtoto wa darasa la pili, na kijana aliyetwambia, kwa adabu kweli, "Samahani mama, hapa pameshachukuliwa." Pamechukuliwa na nani? Mama akageuza mkongojo wake, na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Nawauliza wenzangu: sherehe za kuzaliwa, mahafali, vikao vya chama na mengineyo yanayofanywa kwenye bustani ya umma, yaombewe kibali na kulipiwa? Mimi nasema ndiyo. Wakizidi watu 20 wajiandikishe, waonyeshwe pembe yao, na waweke amana ya usafi. Shilingi 2,000 si pesa nyingi kwa mtu mwenye keki ya ghorofa tatu.

Binti wa Majengo
Pole kwa mama. Lakini wewe ukitaka hafla unafungua mlango wa uani. Sisi tuna chumba kimoja: kitanda, kabati, jiko pembeni. Mwanangu alipotimiza miaka mitano, wenzake wa madrasa walikuwa 18. Ningewaweka wapi, darini? Ukumbi wa bei nafuu niliotajiwa ulipita kodi yangu ya mwezi. Nikachukua mkeka, sufuria ya pilau na ndoo ya juisi ya ukwaju, tukajibana kwenye tuktuk tatu. Spika sikukodi, watoto wenyewe walitosha. Hiyo 2,000 yako kwangu maana yake ni kwamba mtoto hasherehekewi.

Mkaazi wa Kizingo
Dada, na watoto 18 juu ya mkeka sina ugomvi. Kilichonichoma ni utepe.

Binti wa Majengo
Basi sema utepe. Usiseme kibali.

Wakili wa Kibarazani
Tusichanganye mambo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha. Ile Sheria ya Utulivu wa Umma inayotaka polisi wapewe notisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14, imeiweka kando mikutano ya kijamii, ya utamaduni, ya burudani na ya dini. Kwa hivyo askari anayemwambia mama mwenye keki "lete barua ya OCS", yaani mkuu wa kituo cha polisi, anamtisha tu.

Kelele ndiyo kesi nyingine. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinaruhusu, kwenye mitaa ya makaazi, desibeli 50 nje ya nyumba mchana, na kuanzia saa mbili usiku zinashuka hadi 35. Hiyo 35 haiko mbali na mnong'ono! Spika ya kukodi haifiki huko hata uifunike godoro. Sheria tunayo tayari. Tunachokosa ni mtu wa kwenda kuizima hiyo spika, na kibali hakitamleta.

Saa Saba Jeevanjee
Niwaletee ya Nairobi. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa na A. M. Jeevanjee mwaka 1906 iwe ya watu wa mji. Nenda saa ya chakula cha mchana: wahubiri kila mmoja na kipaza sauti chake, wanafunikana mpaka husikii aya hata moja. Hatua chache tu kando, watu wa Bunge la Mwananchi wanabishana siasa kwa makoo yao wenyewe, na mimi hujikuta nimesimama pale hadi naichelewa kazi. Kwa hiyo vipaza sauti vipigwe marufuku, naunga mkono.

Ila kibali kinanitia hofu. Hapa hapa, mwaka 1989, wakubwa walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipinga, akatukanwa, na mwishowe jengo halikujengwa. Mkubwa akishazoea kuamua nani akae juu ya nyasi, hachelewi kuamua nyasi zenyewe zimwendee nani.

Mvita Ughaibuni
Huku Toronto kundi likizidi watu 25 mnaomba kibali cha mji, basi. Sisi watu wa Pwani tulifanya Idd baraza hivyo. Tulilipa, tukapata eneo letu lenye meza, na hakuna aliyetusogeza. Sioni ubaya.

Binti wa Majengo
Kaka, mlilipa mkapata meza. Sisi tutalipa, na meza tutaibeba wenyewe kutoka Majengo. Anzeni na vyoo vya kutosha, ndipo mje na kitabu cha risiti.

Mnguja
Assalaam alaykum. Kwetu Forodhani, tangu bustani ikarabatiwe mwaka 2009, jioni hujaa pomoni: wachoma mishkaki, wakamua miwa, watalii, na sisi wenyeji ukutani tukiwatazama vijana wanavyojirusha baharini. Sijasikia mtu akiambiwa pamechukuliwa. Mwenye jamaa wengi huja na mkeka wake, akatoa salamu, akasema "jamani tusogezane." Adabu ya barazani ni hiyo: anayekuja husalimu, aliyekaa husogea. Wenzetu mnatafuta kanuni ya kitu ambacho salamu ilikitosha.

Wakili wa Kibarazani
Wa alaykum salaam sheikh. Maneno mazuri, lakini sensa ya 2019 ilihesabu kaunti yetu ina watu zaidi ya milioni 1.2. Jumapili jioni huwa naona kama wote wako Laithausi, hapo hapo Mama Ngina. Salamu haisikiki hapo, kuna spika.

Mihogo na Pilipili
Mimi nauza mihogo pale pale mnaposemea, tangu kabla bustani haijatengenezwa upya 2019, enzi tukiwa na meko yetu kando ya barabara. Hafla zikiondoka nami nimeondoka, mjue hilo. Lakini niwape siri. Wenye mikeka hawachafui, maana huwa kuna shangazi wa kuwakemea. Wanaochafua ni wa mapambo. Jumatatu asubuhi nafagia vipande vya maputo kabla sijawasha jiko, na vingine vishapeperuka kwa samaki.

Na ule utepe, bwana Mkaazi, mara nyingi si wa mwenye sherehe. Kuna vijana hufika mapema, wakafunga mahali pazuri, kisha wakapauza. Mia tano, mia saba, ikiwa mwezi wa Disemba hata elfu. Yule aliyewaambia pamechukuliwa, alivaa fulana ya manjano?

Mkaazi wa Kizingo
Ya manjano, ndiyo.

Mihogo na Pilipili
Basi ndiye.

Mkaazi wa Kizingo
Kumbe mamangu alifukuzwa na dalali. Sawa, ile ada yangu naiondoa. Utepe na spika siviondoi: asizungushe mtu benchi, na muziki uwe wa kusikika mkekani kwako tu.

Mpangaji Hafla
Nimesoma kimya nikaona nimesemwa vya kutosha. Hiyo ndiyo kazi yangu, na huyo wa manjano nimeshamlipa mara nne. Mteja ametoka Mikindani na watoto na keki inayoyeyuka, siwezi kumwambia tuzunguke tukitafuta kivuli. Afadhali kibali cha kweli, chenye risiti na bei iliyoandikwa, kuliko hiki cha mfukoni. Nyinyi mnaokataa kibali mnadhani bustani ni ya bure. Kwangu haijawahi kuwa ya bure.

Mihogo na Pilipili
Risiti utapata, mamangu. Na mia tano ya wa manjano utaitoa vile vile.