Nani anakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na foleni za sukari?

Wakuu, mliokuwa watoto miaka ile baada ya vita vya Kagera, Tanzania na Uganda ya Idi Amin, 1979 kuendelea, mnakumbuka nini? Mi namkumbuka mama anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuweka jiwe lake la kushikia nafasi kwenye foleni ya duka la kaya, lile la mgao, anarudi na kilo moja ya sukari tuko watu nane.

– Kwetu sabuni ikikosekana tunafulia majani ya mpapai, unayaponda yanatoa povu, ile harufu nikiisikia hadi leo namuona dada yangu kisimani.

– Unga wa yanga mkuu! Ule wa njano, sisi tunaukataa, bibi anatubembeleza kuleni wajukuu zangu, kumbe yeye hajala. Nimeelewa nikiwa na wanangu.

– Na katambuga, vile viatu vya tairi, haviishi!