PWA ya vituo vya maziwa: simu zimeganda kwenye toleo la zamani, rekodi zinajirudia

karani_wa_kodi

Wakuu, habari za kazi. Kuna PWA (tovuti inayosakinishwa na kufanya kazi kama programu ya simu, hata bila mtandao) inayotumika kwenye vituo vya kukusanya maziwa. Karani anaingiza namba ya mfugaji, lita na kipimo cha laktomita (kifaa cha kupima uzito wa maziwa kugundua kama yametiwa maji), mahali ambapo mtandao unakuja na kukata. Simu nyingi ni Android za RAM GB 2, wasimamizi wachache wana iPhone. APK (faili la kusakinisha programu ya Android) iliachwa kwa sababu kila sasisho lilikula bando na makarani wengi hawakusasisha.

Tatizo: nikipandisha toleo jipya kwenye seva, simu zinabaki na la zamani hata uki-refresh. Rekodi zilizoingizwa bila mtandao nyingine zinafika seva mara mbili. Na iPhone hazionyeshi kitufe cha kusakinisha, arifa nazo haziji.

mshona_tovuti

Mkuu, hilo la kwanza ndilo linalowafanya watu waichukie PWA bure. Sevisi woka (service worker, skripti inayokaa nyuma ya ukurasa na kuutolea faili hata bila mtandao) mpya ikishapakuliwa haishiki kazi papo hapo, inasubiri mpaka kila tabu inayotumia ile ya zamani ifungwe. Ku-refresh hakuifungi, kwa sababu ukurasa wa zamani hauondoki mpaka jibu la ukurasa mpya lianze kuingia. Fungua DevTools za Chrome (zana za wasanidi), nenda Application, halafu Service workers. Utakuta imeandikwa "waiting to activate".

Wengi wanakimbilia kuweka skipWaiting(), amri ya kuruka kusubiri huko, ndani ya tukio la install. Usifanye hivyo kwenye programu ya kuingiza data. Ukurasa uliofunguka na HTML ya zamani unaweza kuomba faili la JS ambalo sevisi woka mpya imeshalifuta kwenye kache (akiba ya faili ndani ya simu), na karani anabaki na skrini nyeupe katikati ya foleni ya wafugaji. Badala yake sikiliza updatefound, tukio la kupatikana sevisi woka mpya. Sevisi woka mpya ikifika hali ya installed, na navigator.serviceWorker.controller ipo (yaani ukurasa tayari unaendeshwa na ile ya zamani), onyesha ukanda chini ya skrini: "Toleo jipya lipo, gusa kupakia." Akigusa, itumie sevisi woka ujumbe kwa postMessage, yenyewe ndiyo iite skipWaiting(), na ukurasa ukisikia controllerchange (sevisi woka mpya imeshika kazi) ujipakie upya mara moja tu. Weka alama ya kuzuia usijirudie, la sivyo unaweza kuzunguka bila kukoma.

Kagua pia haya: sw.js (faili la sevisi woka) na index.html zipewe Cache-Control: no-cache, ili kivinjari kiulize seva kwanza kila mara. Jina la sw.js lisibadilike kila toleo, maana HTML iliyo kwenye kache itaendelea kusajili lile la zamani. Na kama unatumia cache.addAll kuweka faili zote kwenye kache kwa pamoja, faili moja tu likirudisha 404 usakinishaji mzima unakufa, na mtumiaji haoni kosa lolote.

foleni_kwanza

Naongezea kwenye rekodi, maana hapo ndipo pesa ya mfugaji ilipo. Zinajirudia kwa sababu ombi lilifika seva, jibu likapotea njiani, simu ikadhani halikufika ikatuma tena. Dawa haiko kwenye simu peke yake. Karani anapobonyeza hifadhi, ipe rekodi kitambulisho cha crypto.randomUUID() na uiandike IndexedDB, hifadhidata iliyo ndani ya kivinjari. Usitumie localStorage, sevisi woka haiwezi kuisoma. Kwenye hifadhidata weka kitambulisho hicho kiwe cha kipekee, na kikija mara ya pili seva ijibu 200 kama kawaida, isirudishe kosa. Simu ifute rekodi kwenye foleni baada ya kupata jibu hilo tu.

Background Sync (kivinjari kutuma chenyewe mtandao ukirudi) itumie kama nyongeza. Ipo kwenye Chrome na ndugu zake, Safari haina, na hata Chrome hujaribu mara chache kisha ikaacha. Kwa hiyo jaribu kutuma foleni pia programu inapofunguliwa na tukio la online linapotokea. Usiiamini navigator.onLine: inakwambia simu imeunganishwa na mtandao, haikwambii seva inafikika. Ombi lisipojibiwa, likate kwa AbortController baada ya sekunde 10 au 15.

Jambo moja linalosahaulika: ukiweka kwenye kache picha za kikoa kingine bila CORS (ruhusa ya seva ya kikoa hicho kusomwa na tovuti yako), Chrome huhesabu kila moja kama MB 7 hivi za nafasi, hata kama picha ni KB 20. Kwenye simu ndogo nafasi inaisha haraka.

mshona_tovuti

iPhone: Safari haina beforeinstallprompt, tukio linalowezesha kitufe cha kusakinisha, hivyo chora maelekezo yako mwenyewe, kitufe cha kushiriki kisha "Add to Home Screen". Arifa zinataka iOS 16.4 kwenda juu, programu iwe imewekwa skrini ya mwanzo, na ruhusa iombwe mtu anapogusa kitufe. Wasakinishe kwanza, ndipo waingie na nenosiri. Hifadhi ya Safari na ya programu iliyosakinishwa ni mbili tofauti, rekodi iliyoachwa Safari haitaonekana upande wa pili.

karani_wa_kodi

Shukrani sana wakuu. Na bosi akitaka ionekane Play Store?

foleni_kwanza

Ifunge kwa Bubblewrap, zana ya kuigeuza PWA kuwa programu ya Android, kisha weka assetlinks.json, faili linalothibitisha kuwa programu na tovuti ni za mwenyewe mmoja, chini ya /.well-known/ kwenye kikoa chako. Ukiona upau wa anwani juu ya programu, uthibitisho umeshindikana. Mara nyingi ni kwa sababu umeweka humo alama ya SHA-256 (alama ya utambulisho wa ufunguo) ya ufunguo wako wa kupakia programu Play Store. Inayotakiwa ni ya ufunguo ambao Google husainia, utaikuta Play Console kwenye ukurasa wa App signing.